Nilikwenda Kukaa Upande wa Bibi Harusi

Upande wa bibi harusi ulipangiwa viti ishirini na vinne. Wa kuvikalia tulikuwa watano: mimi, binamu yake anayeishi Leeds pamoja na mumewe, na wauguzi wawili wanaofanya naye kazi wodi moja. Upande wa pili watu walijaa hadi wengine wakasimama nyuma: wajomba, mashangazi, mabinamu, jirani aliyemfundisha bwana harusi kuendesha trekta, na mbwa mmoja aliyefungwa utepe shingoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikapanda ndege mbili kwenda Scotland, halafu mbili nyingine kurudi, yote ndani ya wikendi, jibu ni hilo. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kukaa kwenye kiti.

Wengi hawakulielewa jibu hilo nilipoomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu. Mwenzangu mmoja ofisini, kwa nia njema kabisa, alinichorea ratiba: Jumamosi asubuhi nikaone ziwa la Loch Ness, jioni niwahi harusi. Kutoka kijiji cha harusi hadi Loch Ness ni mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari, kwenda peke yake. Nilimshukuru, nikaikunja karatasi yake. Mtu anayekwenda harusini akiwa na orodha ya vivutio mfukoni huishia kuvikosa vyote viwili. Wakati bibi harusi anavishwa, yeye yuko barabarani anapiga picha kondoo.

Shoga yangu huyu tulilala chumba kimoja chuoni. Tulikuwa na pasi moja, sufuria moja, na madaftari ambayo mpaka leo sijui lipi lilikuwa la nani. Mama yangu alipofariki, alipanda basi la usiku bila kuniambia, asubuhi nikamkuta ameketi mkekani na wanawake wengine, kajifunga kanga kiunoni. Hakusema maneno ya hekima. Alikaa, akapika, akaosha vyombo, akakaa tena. Miaka imepita, yeye yuko Fife, pwani ya mashariki ya Scotland, ni muuguzi, mimi niko nilipo, na tunapigiana simu kwa zamu za kazi zake, ambazo hazijawahi kulingana na usingizi wangu.

Baba yake magoti yamekataa. Daktari hakumruhusu kusafiri safari ndefu ya ndege, na mama yake hawezi kumwacha peke yake. Nilipokwenda kuwaaga, mama alinipa doti ya kanga iliyofungwa kwa gazeti, na mzee akaniambia jambo moja tu: "Mwanangu, kaa mbele. Usije ukakaa nyuma kwa haya."

Viza ilikula muda kuliko safari yenyewe. Anayekwenda kuhudhuria harusi Uingereza huomba viza ya kawaida ya mgeni. Anayekwenda kufunga ndoa yake mwenyewe ndiye mwenye viza ya aina nyingine. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu utoe alama za vidole, ila karatasi za kukusanya kabla ya hapo ndizo zinazochosha: barua ya mwajiri, taarifa za benki, mwaliko. Mwaliko wangu ulikuwa umenyooka hadi nikadhani shoga yangu kaandikiwa na wakili. Kumbe ni bwana harusi, ambaye ni mhasibu, na ambaye alikuwa ameweka hata namba kwenye kila aya. Nikasema moyoni, huyu atamfaa.

Nilibeba begi la mkononi tu. Kama safari ni ya wikendi, begi la kupakia chini ya ndege ni kumkaribisha shetani: likipotea Ijumaa, litakufikia Jumanne ukiwa umesharudi kwako. Ndani mlikuwa na gauni, viatu vya kisigino na vya kutembelea, nguo za ndani za joto, kanga za mama, na koti nililovaa mwilini kwa sababu halikuingia.

Tulibadilishia ndege Amsterdam. Uwanja wa Schiphol uko mahali palipokuwa ziwa kabla halijakaushwa katika karne ya 19, na uko mita tatu hivi chini ya usawa wa bahari. Nililisoma hilo nikiwa nimekaa nasubiri, nikatamani nisingelisoma.

Edinburgh nilifika Ijumaa kabla ya adhuhuri. Ofisa wa uhamiaji aliuliza nimekuja kufanya nini, nikamwonyesha kadi. Akasoma jina la kijiji, akatabasamu, akaniambia nibebe mwavuli. Kutoka uwanjani kuna tramu inayokwenda hadi katikati ya jiji, mwendo wa nusu saa na kidogo, unashuka Princes Street na ngome iko mbele yako juu ya jabali jeusi la volkano. Nilikuwa nimesimama kituoni naiangalia, begi mkononi, mara paa! Mlio wa mzinga. Nilichutama. Watu wote wengine waliendelea na shughuli zao, isipokuwa mzee mmoja mwenye kofia aliyecheka hadi akakohoa.

Mzee huyo ndiye aliyenieleza. Mzinga hupigwa ngomeni kila siku saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, na umekuwa ukipigwa tangu 1861 ili mabaharia walio majini warekebishe saa zao. Kabla ya hapo, tangu 1852, walikuwa wakiangalia mpira mkubwa unaoshushwa juu ya mnara wa Nelson kwenye kilima cha Calton. "Tatizo," akasema, "ukungu ukishuka, mpira haumsaidii mtu. Mlio hausumbuliwi na ukungu." Alisema neno ukungu kwa namna ambayo ingenifungua macho kama ningekuwa makini, maana kesho yake nilikuja kumkumbuka.

Treni ya kwenda Fife inatoka stesheni ya Waverley na kupita juu ya daraja la Forth, lile jekundu linaloonekana kwenye kalenda. Limefunguliwa 1890, urefu wake unakaribia kilomita mbili na nusu, na limejengwa kwa chuma nene kupita kiasi kwa sababu watu walikuwa na hofu: miaka kumi na kitu nyuma yake, Desemba 1879, daraja la mto Tay upande mwingine wa Fife lilianguka katika dhoruba, treni ikiwa juu yake. Cha kuchekesha ni kwamba ukiwa ndani ya treni daraja lenyewe hulioni. Unaona nguzo nyekundu nono zikipita dirishani, na chini kabisa maji. Upande wa pili yanaonekana madaraja ya magari, moja la 1964 na jingine la 2017. Kijana aliyekaa mbele yangu hakuinua uso kwenye simu yake. Nadhani ukizaliwa karibu na kitu kama kile unakizoea, lakini mimi nilibandika paji la uso kwenye kioo hadi kikaingia ukungu wa pumzi yangu.

Nilishuka Leuchars. Hapo ndipo mama mkwe wa shoga yangu alinipokea, mwanamke mfupi mwenye gari dogo lililojaa manyoya ya mbwa. Nilikuwa nimejiandaa kupeana mkono. Akanikumbatia, akanipokonya begi, akaanza kuongea na hakunyamaza hadi Crail. Kiingereza chake nilikishika nusu. Nusu nyingine nilikuwa naitikia kwa kutazama uso wake: akicheka nacheka, akitikisa kichwa nasikitika. Tulipita St Andrews, mji wenye chuo kikuu cha tangu 1413 na watu waliovaa suruali za rangi za ajabu kwa ajili ya gofu, halafu mashamba ya shayiri hadi ukingoni mwa bahari.

Crail ni kijiji cha wavuvi, nyumba za mawe zenye paa za vigae vyekundu zikishuka kuelekea bandari ndogo yenye mitego ya kamba na kaa imepangwa ukutani. Nilipangiwa chumba kwenye nyumba ya wageni. Bibi harusi alikuwa chumba cha pili, na tulipoonana ngazini tulipiga kelele hadi mwenye nyumba akatoka na taulo mkononi. Nikampa furushi la mama yake. Hakulifungua. Alilikumbatia akaingia nalo ndani, na nilijua sababu, kwa hiyo nikajifanya natafuta chaja.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni mwanga. Mwishoni mwa Juni, kule jua linazama saa nne usiku. Saa nne! Nilikuwa kitandani nimechoka kwa safari, pazia nimefunga, na nje watoto bado wanacheza mpira. Giza lenyewe likija haliwi giza, ni kama mtu amepunguza taa. Saa kumi na nusu alfajiri kumekucha tena na shakwe wanapiga kelele juu ya paa kama wanagombania urithi. Kama unakwenda huko wakati wa kiangazi, beba kitambaa cha kufunika macho. Huo ndio ushauri pekee wa kitalii nitakaotoa.

Halafu, Jumamosi asubuhi, nilifungua pazia nikakuta bahari imeondolewa.

Siyo kwamba kulikuwa na mawingu. Bandari haikuwepo, nyumba ya mbele haikuwepo, kulikuwa na ukuta mweupe umesimama dirishani. Pwani ile ya mashariki ukungu wa aina hiyo wanauita haar: hewa yenye joto na unyevu inapita juu ya maji baridi ya Bahari ya Kaskazini, inapoa, inageuka ukungu, na upepo unausukuma nchi kavu. Unaweza kuwa na jua kali kilomita kumi ndani na baridi ya kutetemeka ufukweni. Harusi ilikuwa ya nje, kwenye bustani ya shamba kati ya Crail na Anstruther, saa nane mchana, na mandhari waliyoichagua ilikuwa bahari na kisiwa cha May kwa mbali. Nikamuuliza mwenye nyumba ya wageni kama wataihamishia ndani. Aliniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Kwa sababu ya haar?" akasema, akaniongezea mkate.

Tulimvisha bibi harusi sisi wawili, mimi na binamu yake. Doti ya mama aliigawa: moja alijitanda mabegani juu ya gauni jeupe, baada ya mjadala mfupi kuhusu kama inaharibu picha (haikuharibu), na ya pili akanipa mimi. Kisha mama mkwe akagonga mlango, akaniita pembeni, akanikabidhi mfuko wa kitambaa. Ulikuwa mzito. Ndani mlikuwa na sarafu: za pensi kumi, ishirini, hamsini, na chache za pauni.

Sehemu nyingi za Scotland, gari la bibi harusi linapoondoka nyumbani, baba yake hurusha sarafu dirishani na watoto wa mtaa wakazigombania. Ni kwa ajili ya baraka. Watoto huwa wanajua harusi iko lini na wanasubiri. Mama mkwe alieleza yote hayo haraka, akimalizia kwa kusema kwamba mtoto wake alikuwa amependekeza mjomba wao ndiye arushe, na yeye amekataa. "Baba yake ametuma mtu," akasema. "Mtu huyo ni wewe."

Sikuwa nimejua kwamba nimetumwa hivyo. Lakini nilipotoka mlangoni na kuwaona, watoto kumi au zaidi wamesimama kwenye ukungu na makoti ya mvua, wametulia kama walinda lango wanaosubiri penalti, nikampigia mzee kwa video. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Mbona sioni kitu?" "Ni ukungu, baba." "Geuza simu." "Nimegeuza." "Naona maziwa tu." Bibi harusi alikuwa ameshaingia garini anacheka na kulia kwa pamoja, vipodozi viko hatarini, binamu yake anampepea kwa bahasha. Nikampa binamu simu aishike, nikakaa kiti cha mbele, nikateremsha kioo. "Baba, narusha kwa niaba yako." "Rusha mwanangu, rusha kwa mkono wa kulia!"

Nilirusha. Sikurusha kwa ustaarabu. Nilirusha konzi kwa konzi, zikalia juu ya mawe ya barabara, watoto wakajitupa chini, na mzee kwenye simu, ambaye alikuwa haoni chochote ila alikuwa anasikia, akaanza kupiga makofi. Mzinga na mpira wa mnara wa Nelson. Yule mzee wa kituo cha tramu alikuwa sahihi.

Shambani viti vilikuwa vimepangwa nje kama ilivyoandikwa kwenye mwaliko, na wageni wa upande wa pili wamekaa, kilti zao, zile sketi za wanaume wa Scotland, na kofia zao, matone ya ukungu yanang'aa kwenye sufu. Hakuna aliyelalamika. Nilikwenda mbele kabisa, kama nilivyoagizwa. Nyuma yangu viti vilikuwa vitupu vinne, vitano, safu nzima, safu nyingine. Najua vilikuwa vitupu kwa sababu niligeuka kuvitazama zaidi ya inavyofaa.

Hapo shangazi mmoja wa bwana harusi, mama mtu mzima mwenye kofia ya rangi ya zambarau na fimbo, alisimama. Akatazama viti vyetu. Akamgusa mumewe begani kwa fimbo, akavuka njia ya katikati, akaja kukaa nyuma yangu. Mumewe akafuata. Halafu mabinti zao, halafu jirani wa trekta, halafu wale waliokuwa wamesimama. Ndani ya dakika mbili upande wetu ulikuwa umejaa. Nikiri kwamba hisia yangu ya kwanza haikuwa shukrani. Nilikuwa nimetoka mbali kuja kuujaza upande ule, na hawa wameujaza kwa hatua kumi. Shangazi akaniinamia sikioni akasema, "Sisi tunamjua yeye kuliko tunavyomjua yule," akimwonyesha bwana harusi, ambaye ni mtoto wa kaka yake. Ikawa kazi kuendelea kununa.

Zumari la mfuko tulilisikia kabla ya kumwona mpigaji. Sauti ilitoka ndani ya weupe, kwanza kama nzi, kisha kama ng'ombe, kisha ikawa wimbo, na mpigaji akajitokeza akiwa amejaza mashavu, na nyuma yake shoga yangu na kanga yake, peke yake. Alikuwa amekataa kushikwa mkono na mtu mwingine. Alisema kama baba hayupo basi nafasi yake ibaki wazi, na ilibaki.

Kitu nilichojifunza kuhusu ndoa za Scotland ni kwamba ruhusa ya kufungisha iko kwa mfungishaji, haiko kwa jengo. Uingereza yenyewe, yaani England, hadi leo mahali panatazamwa sana. Scotland mtu mwenye idhini anaweza kukufungisha ufukweni, mlimani, kwenye bustani yenye ukungu. Tangu 2005 hata wafungishaji wasio wa dini, wanaojiita wahumanisti, ndoa zao zinatambuliwa kisheria. Huyu wa kwao alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Karatasi inayoitwa shedyuli ndiyo yenye nguvu: msajili huitoa kabla ya harusi, baada ya viapo husainiwa na maharusi, mfungishaji, na mashahidi wawili wenye umri wa miaka 16 au zaidi, kisha lazima irudishwe kwa msajili ndani ya siku tatu. Shahidi wa bwana harusi alikuwa mdogo wake. Shahidi wa bibi harusi nilikuwa mimi.

Walikunywa kikombe kimoja chenye vishikio viwili, kinachoitwa quaich. Unampa mwenzako kwa mikono miwili na anapokea kwa mikono miwili, kwa hiyo hakuna mwenye mkono wa ziada wa kushika kisu. Hivyo ndivyo walivyonieleza, na kwa kuwa bwana harusi alikuwa na kisu kidogo kimechomekwa kwenye soksi, kama wanaume wote wa pale, niliona busara yake. Mfungishaji alipotamka kwamba sasa ni mume na mke, watu wakapiga makofi ya adabu. Mimi na binamu tukatazamana. Tukapiga vigelegele.

Ukungu unabeba sauti vizuri. Mbwa alibweka, mtoto akalia, mpigaji zumari akageuka. Bibi harusi alitupa kichwa nyuma akavipokea, na kwenye simu niliyokuwa nimeiegemeza kwenye kiti, kutoka mbali sana, mama yake akaitikia.

Chakula nitakipita haraka: supu, nyama ya kondoo, keki. Pombe situmii, na hakuna aliyenishangaa. Mezani kila mgeni aliwekewa kipande cha tablet, peremende ya sukari, siagi na maziwa mazito, ambayo ukila kipande kimoja meno yanakuita jina.

Lakini ngoma siwezi kuipita haraka. Waliondoa meza ghalani, kundi likaingia na kodiani, fidla na ngoma, na mwanamume mmoja akashika kipaza sauti. Kazi yake si kuimba. Kazi yake ni kuwaambia watu miguu yao iende wapi. Shughuli hiyo inaitwa ceilidh, na kanuni yake niliipenda papo hapo: hakuna anayetarajiwa kujua, kila ngoma inafundishwa kwanza polepole, na hakuna anayeruhusiwa kukaa na kutazama. Kuna moja mnasimama watatu watatu mkitazamana na watatu wengine, mnazunguka, mnashikana, halafu mnapita chini ya mikono yao na kukutana na watatu wapya. Nyimbo ikiisha umeshika mikono ya ghala zima. Kuna nyingine, Strip the Willow, ambayo unarushwa kutoka mkono hadi mkono kwenye mstari mrefu, kila mwanamume anakuzungusha na kukukabidhi kwa anayefuata, na ukikosea hakuna wa kukulaumu kwa sababu hakuna aliye sawa. Nilivua visigino kwenye ngoma ya pili.

Nimehudhuria harusi nyingi ambazo wageni wa pande mbili wamekaa meza zao, wakala, wakapiga picha, wakaondoka hawajui hata majina. Huku hilo haliwezekani. Ngoma yenyewe imetengenezwa kuwachanganya. Jirani wa trekta alinizungusha kwa nguvu za mtu aliyezoea ndama. Shangazi wa kofia ya zambarau, ambaye kwa sababu ya fimbo aliruhusiwa kukaa, aliniita katikati ya shughuli (nje bado mwanga) akataka kufundishwa vigelegele. Nilimwonyesha: ulimi, pumzi, usione aibu. Alijaribu, akatoa sauti ya birika. Akajaribu tena. Kufikia ngoma ya mwisho alikuwa anavipiga kila wimbo ukiisha, vibovu kabisa, na kwa fahari kubwa.

Jumapili haar iliondoka kama vile haikuwahi kuwepo. Bahari ya buluu, kisiwa cha May wazi kabisa, na wageni nusu wana miwani ya jua kwa sababu zisizohusiana na jua. Maharusi walikuwa wanaondoka jioni kuelekea Skye, kwa hiyo mchana tulipata muda wetu. Tulitembea kwenye njia ya pwani kutoka bandari ya Crail, polepole kwa sababu ya malengelenge yake. Hatukuzungumza lolote kubwa. Kodi ya nyumba, zamu za usiku, nani kaolewa, nani kaachika, mama yake anavyoficha uchovu kwenye simu. Nilimuuliza kama alikuwa na hofu jana wakati wa kutoka ukunguni peke yake.

"Nilikuwa nakuona pale mbele," akasema. "Nikajua nikijikwaa kuna mtu atanicheka kwa Kiswahili."

Baadaye tulikwenda Anstruther sote, ukoo mzima, tukala samaki na chipsi kwenye ukuta wa bandari tukiwa tumekinga vyakula kwa miili yetu, maana shakwe wa pale ni majambazi. Mmoja alimpokonya bwana harusi kipande kizima cha samaki mkononi. Mhasibu yule alibaki ameshika karatasi.

Jumatatu asubuhi ilibaki kazi moja. Maharusi wameshaondoka, shedyuli iko ndani ya bahasha kwenye droo ya mama mkwe, na mtoto wake alikuwa amemwachia maelekezo ya maandishi, yenye namba. Tukaenda kwa msajili kabla ya treni yangu. Karani alisoma jina moja moja kwa kidole. Alipofika langu akalisoma sawasawa, silabi zote, akainua macho kuona kama amepatia. Akasoma anwani. Akaitazama tena, akamtazama mama mkwe, akasema, "Na amekuja kwa ajili ya hii?" Mama mkwe akajibu kabla yangu: "Ametumwa na baba yake."

Nje nilimpigia mzee. Nikamwambia karatasi imepokelewa, kila kitu kiko sawa kisheria, na mimi naelekea uwanja wa ndege. Akashukuru, akaniombea safari njema, akanyamaza kidogo.

"Na zile hela," akasema. "Watoto waliokota zote?"

"Zote, baba. Moja iliingia mtaroni, wakaifuata humo humo."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."